Silsila ya Wapiga Kinubi

Katika kazi zote za muziki zinazompa mtu mshahara na cheo, ni chache zenye mlango mwembamba kama kazi ya mpiga kinubi wa okestra. Okestra kubwa ya simfoni, ya watu 80 hadi 100, ina wapiga fidla 30 au pungufu kidogo, ina selo kumi au kumi na mbili, ina filimbi na tarumbeta na pembe zinazosaidiana, na mmoja wao akiugua mwenzake humshika mkono. Lakini kinubi kina kiti kimoja, mara chache viwili, na aliyejaaliwa kukikalia aghalabu haondoki mpaka uzee umwondoe. Sidonie Goossens alikuwamo katika Okestra ya Simfoni ya BBC ilipoundwa London mwaka 1930, akastaafu mwaka 1980. Alice Chalifoux aliingia Okestra ya Cleveland, Marekani, mwaka 1931, akatoka mwaka 1974. Kijana wa mji ule mwenye kipaji cha kinubi aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kulea watoto pasipo kiti kile kuwa wazi hata siku moja.

Basi jambo linalonishughulisha kila nisikiapo kinubi ndani ya simfoni ni hili: sanaa yenye nafasi chache kiasi hiki, inayodai mafunzo ya tangu utotoni na ala ambayo bei yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, imewezaje kudumu, na kudumu kwa ustadi unaozidi badala ya kupungua? Jawabu ninaloliamini ni silsila. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa silsila ni kitu gani, kwani mwanachuoni akiulizwa amesoma wapi hutaja jina la mtu kabla ya kutaja jina la chuo, kisha humtaja mwalimu wa mwalimu wake, na huyo naye alisoma kwa nani. Wapiga kinubi wa okestra ni watu wa namna hiyo hasa. Ukimkuta mmoja wao Boston au Paris na kumuuliza habari za kazi yake, haipiti dakika nyingi kabla hajakwambia alikaa kwa nani.

Lakini haifai kuwataja walimu kabla ya kuitazama ala yenyewe, maana ala hii ndiyo inayowalazimisha watu kuwa wanafunzi wa muda mrefu. Kinubi cha okestra kina nyuzi 47 na uzito wa karibu kilo 40. Kimesimama kirefu kuliko watu wengi, nacho hulazwa juu ya bega la kulia la mpigaji aliyeketi. Nyuzi za chini kabisa ni za chuma kilichozungushiwa waya, za katikati ni za utumbo wa mnyama, na za juu ni za nailoni. Za Do zimetiwa rangi nyekundu na za Fa nyeusi au buluu, ili jicho lipate pa kushika, kwa kuwa nyuzi nyingine zote zinafanana. Zikikazwa zote huvuta kwa nguvu inayokaribia tani moja, na mvuto huo, ambao haupumziki mchana wala usiku, huupinda taratibu ubao wa sauti kwa miaka na makumi ya miaka, hata ikafika siku ala ikachoka. Fidla huthaminiwa kwa uzee wake, na zipo za miaka 300 zinazopigwa mpaka leo. Kinubi kina ujana, kina makamo, na kina mwisho, na mpigaji aliyefanya kazi maisha yake yote huwa amekiona kinubi kimoja au zaidi kikimaliza umri mikononi mwake.

Tatizo kubwa la kinubi kwa karne nyingi lilikuwa kwamba kina nyuzi saba tu kwa kila ngazi ya sauti, ilhali muziki wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuzoea sauti kumi na mbili, na unazitumia zote bila huruma. Wajerumani wa karne ya 18 walitia pedeli, wakapunguza dhiki bila kuiondoa. Aliyeiondoa ni Sébastien Érard, mzaliwa wa Strasbourg na fundi wa piano na vinubi, ambaye misukosuko ya mapinduzi ya Ufaransa ilimkimbizia London, na ambaye mwaka 1810, akiwa na umri wa miaka 58, aliandikisha huko hati ya kinubi chenye pedeli saba zinazokwenda hatua mbili kila moja. Kila pedeli inatawala sauti moja katika nyuzi zake zote, kuanzia chini hadi juu: ikiachwa juu, sauti imeshuka nusu, ikikanyagwa mpaka katikati, imekuwa ya asili, ikikanyagwa hadi chini, imepanda nusu. Fito saba hupita ndani ya nguzo ya kinubi, zikifika shingoni huzungusha visahani vidogo vyenye meno mawili, na meno hayo huushika uzi na kuufupisha. Mguu wa kushoto una Re, Do na Si; wa kulia una Mi, Fa, Sol na La. Pedeli saba zenye nafasi tatu tatu hutoa namna 2187 za kukipanga kinubi, na mpigaji, huku mikono yake ikifanya kazi ambayo sisi wasikilizaji tunaidhani ndiyo kazi yote, hana budi ajue kila nukta ya wakati yuko katika namna ipi kati ya hizo.

Mtu aliyelelewa katika taarabu ataona hapa jambo alijualo. Mpiga kanuni wa Unguja naye ana vibati vidogo vya chuma chini ya nyuzi, na wimbo ukigeuka hunyosha mkono wa kushoto akaviinua au kuvilaza, kwa wepesi ambao wasikilizaji wengi hawaushuku. Dhiki ni moja. Waarabu na Waturuki waliitatua kwa vidole, Érard akaitatua kwa miguu.

Nitatoa mfano mmoja wa miguu hiyo, kwa kuwa hapa ndipo elimu ya kinubi inapojificha. Watu wengi wanakijua kinubi kwa sauti ile ya kuparuza, mkono unapopita juu ya nyuzi zote kama upepo. Lau mpigaji angeparuza bila kujipanga, tungesikia sauti saba zikifuatana, na aghalabu zisingepatana na fidla zinazolia pembeni. Kwa hiyo, vipimo kadhaa kabla, wakati okestra imeshughulika na jambo jingine, yeye huziacha Do na La katika asili zake, huzikanyaga Re, Fa na Si zikapanda nusu, huziinua Mi na Sol zikashuka nusu. Na sasa Re imekuwa sawa na Mi, Fa imekuwa sawa na Sol, Si imekuwa sawa na Do, na zile sauti saba zimebaki nne, zote za kundi moja. Akiparuza, hakuna uzi unaokosea. Tumesikia uzuri, wala hatukusikia pedeli tano zilizokwenda kimya kimya ili uzuri huo uwezekane. Na kama ingesikika hata moja ikigonga, kiongozi wa okestra angegeuza uso.

Mambo haya hayajai katika kitabu. Vipo vitabu, na vizuri. Henriette Renié alitoa chake mwaka 1946 baada ya kufundisha maisha yake yote. Walakini mkono wa kinubi hujengwa na mtu aliyeketi karibu. Vidole vinne vya kila mkono ndivyo vipigavyo, kile cha mwisho kikibaki bila kazi. Uzi hupigwa kwa nyama ya ncha ya kidole, si kwa ukucha wala kwa risha, na kidole kikishapiga hufungwa ndani ya kiganja. Miezi ya kwanza ni ya malengelenge, kisha huja sugu, na sugu nayo ni lazima itunzwe, kwani ikikauka sauti hukwaruza na ikilainika kidole huumia. Mwalimu huisikia sugu ya mwanafunzi kabla hajaiona.

Hivyo tunarudi kwenye silsila. Mwaka 1884 Alphonse Hasselmans, mzaliwa wa Liège, alipewa darasa la kinubi katika Conservatoire ya Paris, akalishika mpaka mwaka wa kufa kwake, 1912. Karibu kila jina kubwa la kinubi katika karne ya 20 lilipita kwake au kwa mtu wake. Renié aliingia kwake mtoto mdogo, miguu haifiki kwenye pedeli, hata baba yake akamtengenezea vyombo vya kuzirefusha. Mwaka 1887, akiwa na miaka 11, alitwaa tuzo ya kwanza. Ilipofika zamu ya kumrithi mwalimu, Hasselmans mwenyewe alimtaka yeye, lakini kiti kikapewa Marcel Tournier. Renié akafundisha nyumbani. Sioni kwamba historia imemwonea haya kwa ajili hiyo, kwa maana Marcel Grandjany, mwanafunzi wake, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa kinubi katika shule ya Juilliard, New York, mpaka mwaka 1975, na wanafunzi wa mwanafunzi huyo wametapakaa Amerika nzima.

Kwa Hasselmans huyohuyo alitoka Carlos Salzedo, ambaye mwaka 1901 alitwaa tuzo ya kwanza ya piano na ya kinubi siku moja. Toscanini alimwita kwenye okestra ya Metropolitan Opera, New York, mwaka 1909, na mwaka 1924 Salzedo akaanzisha idara ya kinubi katika Taasisi ya Curtis, Philadelphia. Kila kiangazi aliwakusanya wanafunzi wake Camden, mji mdogo wa pwani ya jimbo la Maine, wakakesha na kushinda na ala zao. Edna Phillips alitoka mikononi mwake, na mwaka 1930 Leopold Stokowski akamtwaa kuwa mpiga kinubi mkuu wa Okestra ya Philadelphia, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na okestra ile. Chalifoux wa Cleveland, niliyemtaja mwanzo, alitoka kwake. Na kwa miaka kadhaa alikuwa mwanamke wa pekee katika okestra yake, hata inasimuliwa kwamba katika safari, kwa kuwa hapakuwa na chumba cha wanawake kubadilishia nguo, sanduku kubwa la kinubi ndilo lililokuwa chumba chake. Marilyn Costello, aliyemrithi Phillips, alitoka kwa Salzedo vilevile.

Na sasa nataka nikae kidogo juu ya jina moja, kwa sababu linanigusa zaidi ya mengine. Ann Hobson Pilot ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1943. Mama yake alikuwa mpiga piano, naye alianza kwa piano. Kinubi alikikuta katika shule ya sekondari ya wasichana, shule ya umma, isiyolipiwa karo, ambayo ilikuwa na kinubi na mafunzo yake. Tafakari jambo hili. Familia nyingi haziwezi kununua ala ile, na mtoto mweusi wa Philadelphia ya miaka ya 1950 hakualikwa katika kumbi ambamo ingelisikika. Lakini shule ilikuwa nayo, na kwa kuwa ilikuwa nayo, mkono wa msichana yule ulipata pa kujaribiwa. Kutoka hapo silsila ikampokea: akasoma kwa Costello, kisha Cleveland kwa Chalifoux, wote wawili watu wa Salzedo. Akapiga Washington, na mwaka 1969 akaingia Okestra ya Simfoni ya Boston. Mwaka 1980 akawa mpiga kinubi wake mkuu. Mwaka 2009 akastaafu, baada ya miaka 40, na John Williams akamtungia tungo la kinubi na okestra la kumuaga.

Kwa nini nasisitiza mtu kumpokea mtu? Kwa sababu kuna mambo ya kazi hii ambayo maandishi yenyewe yanayaficha, pengine hata kuyapotosha. Watunzi wengi walikuwa watu wa piano, wakakiandikia kinubi kama piano iliyosimamishwa. Wagner, ambaye katika opera yake Das Rheingold alitaka vinubi sita, aliandika kurasa ambazo mikono ya mwanadamu haiwezi kuzipiga zilivyo, na kila mpiga kinubi wa opera hufundishwa na mkubwa wake ni noti zipi aziache na zipi azilinde. Katika walzi ya maua ya Tchaikovsky, kwenye baleti The Nutcracker ya mwaka 1892, ziko sekunde chache mwanzoni ambapo okestra nzima hunyamaza na kinubi hubaki peke yake, kikipanda na kushuka. Na wapigaji wengi duniani hawaipigi sehemu hiyo kama ilivyochapwa, bali kama walivyoipokea. Mtu aliyejifunza kwa karatasi peke yake angepiga kilichoandikwa, akawa amekosea.

Sehemu hiyo ya walzi ndiyo inayoulizwa katika usaili, karibu kila usaili, pamoja na walzi ya Berlioz katika simfoni yake ya mwaka 1830 na kurasa za Ravel, Britten na Bartók. Kiti kimoja kikiwa wazi, hujitokeza watu wengi, kila mmoja amesafiri kwa gharama yake. Katika okestra nyingi, hasa za Marekani, hupiga nyuma ya pazia, ili wasikilizaji wasijue ni mwanamume au mwanamke, ni mweupe au mweusi, na hata viatu huangaliwa visigonge sakafu. Dakika chache hutosha kuamua. Sijui mtihani mwingine ambao mtu hujiandaa miaka 15 ili ajibu kwa muda mfupi hivyo, na kosa lake moja likasikika lote, kwa maana fidla ikikosea imo kati ya nyingine, na kinubi kikikosea hakina wa kukisitiri.

Akishapata kiti, anakuta kazi yenyewe ni ya ukimya. Hufika ukumbini kabla ya wote, saa nzima au zaidi, akiwa na ufunguo wa kukazia nyuzi, na huanza kuzilinganisha 47 moja baada ya moja, ilhali ukumbi bado una waweka viti na wafagiaji. Kisha taa za jukwaani huwashwa, joto huingia katika utumbo na mbao, na nyingi huwa zimekwisha kuhama, akarudia. Wenzake wakija kujilinganisha kwa sauti ya oboe, yeye huwa amemaliza zamani na analotaka ni waache kelele. Halafu husubiri. Simfoni tisa za Beethoven hazina kinubi, za Brahms hazina. Katika ya nane ya Bruckner, ya toleo la 1890, hukaa sehemu yote ya kwanza bila kugusa uzi, na huhesabu. Kuhesabu huku kuna uzito wake, kwani mtu aliyehesabu vipimo mia moja vya kimya na kupotea kimoja ataingia peke yake mahali pasipofaa, mbele ya watu elfu mbili. Katika Adagietto ya simfoni ya tano ya Mahler mambo hugeuka: wapulizaji wote hunyamaza, na kinubi hutembea na fidla na jamaa zake peke yao kwa dakika nyingi, kila noti yake ikionekana uchi. Mpigaji mzuri huzipiga noti zile zisizo ngumu kwa vidole kana kwamba ndizo ngumu kuliko zote, na ni kweli ndizo.

Insafu inanidai niseme neno juu ya Vienna. Okestra ya Wiener Philharmoniker, iliyoundwa mwaka 1842, haikuwa na mwanachama mwanamke kwa zaidi ya miaka 150. Lakini ilikuwa na mpiga kinubi mwanamke: Anna Lelkes aliipigia tangu miaka ya 1970, akienda nayo safarini, akionekana jukwaani, wala jina lake halikuandikwa kati ya wanachama. Katika matangazo ya runinga mikono yake ilioneshwa na uso ukaachwa. Mwaka 1997 walimpokea, naye akiwa amekaribia kustaafu. Mikono ya mtu ilikuwa halali na nafsi yake ikawa haramu. Sioni namna ya kulipamba jambo hili, na wanaolieleza kwa hoja ya kulinda mapokeo wanayadhulumu mapokeo, kwani mapokeo ya kinubi, tangu Renié, yamebebwa kwa mabega ya wanawake kuliko ya yeyote.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu vinubi havikuzaliwa Paris peke yake. Katika nchi za Maziwa Makuu vipo vinubi vya upinde vya kale: adungu ya Waaluri, vinubi vya Wazande na Wamangbetu wa Kongo vyenye vichwa vya watu vilivyochongwa shingoni, na ennanga ya Buganda, yenye nyuzi nane, iliyokuwa ala ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwezi Mei 1966 ikulu ile ya Mengo ilishambuliwa, wapigaji wakatawanyika, na silsila ya ennanga ikabaki imeshikwa na watu wachache mno. Evaristo Muyinda alikuwa mmojawao, na Albert Ssempeke aliipokea kwake. Hawakuwa na taasisi kama ya Curtis wala kiangazi cha Camden, nao waliiokoa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye vyuo na shule, wa Kampala kwanza, na wa Dar es Salaam, Nairobi na Bunia baada yao: nunueni ala moja ya asili kwa kila shule mnayoiweza, na mtafuteni mpigaji mmoja aliyeipokea kwa mkubwa wake, mumlipe mshahara wa mwalimu, mumwachie wanafunzi watatu kwa miaka mingi badala ya 300 kwa wiki moja ya tamasha. Msichana wa Philadelphia alifika Boston kwa sababu shule ya umma ilikuwa na kinubi na mtu wa kukifundisha.